Alama Tatu za Chaki

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakuomba kwa unyenyekevu wote: lifunge kwanza, hakikisha uko peke yako, kisha ulifungue tena. Usimsomee mtu hata mstari mmoja. Usimwulize Dada kama ni kweli. Ukikutana na mume wake, jifanye hujui kusoma. Naandika kwa sababu nisipoandika nitasema, na nikisema ndani ya nyumba hii mtu ataumia.

Machi 2, Jumamosi

Leo Bibi Harusi amenyanyuliwa. Ndilo jina tulilolipa gari la marehemu baba, kwa kuwa ni jeupe na baba hakulitoa nje hata siku moja bila kulipangusa. Baba alifariki kwa maradhi miaka tisa iliyopita, na tangu hapo gari limekaa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Ni kongwe kuliko Dada, na Dada sasa ana mvi tatu anazozing'oa kila Jumapili. Shemeji, mume wake, ameapa kwamba mvua zikiisha atatupakia sote, madirisha wazi, twende tukatembee.

Shemeji ni fundi cherehani. Magari anayajua kwa kitabu kimoja, kile kilichokuja na gari lenyewe. Fundi halisi wa magari ni jirani yetu wa ukuta wa pili, ambaye kila mtu humwita Spana. Ndiye aliyetuazima jeki ya magurudumu na stendi nne za chuma, za miguu mitatu mitatu, ambazo huwekwa chini ya gari ili lisimame juu bila tairi.

Spana alieleza taratibu, nami nikaandika nyuma ya fomu iliyoharibika:

"Breki ya mkono, kaza. Kabari mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini. Sakafu iwe ngumu na sawasawa, maana kwenye udongo jeki huzama. Jeki ni ya kupandisha tu, jamani. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki, hata kama anafuata nati iliyoviringika. Weka stendi, shusha uzito wote juu yake, halafu lisukume gari kama unagombana nalo. Kama ni la kuanguka, lianguke wewe ukiwa umesimama pembeni."

Hapo Dada akanituma maji. Niliporudi, walikuwa wameshafika kwenye kuchambana.

"Gari si suruali, jirani!" Spana alikuwa anasema. "Likichanika huweki kiraka."

"Na hilo shati lako alikushonea nani? Mbona kola moja inatazama mbele na nyingine inatazama nyuma?"

"Ulinishonea wewe!"

Nilicheka. Wao hawakucheka. Shemeji akamwonyesha geti, akamwambia asikanyage tena uani kwake hadi gari lishuke. Spana akatoka akijipangusa mikono. Kisha Shemeji akachukua chaki yake ya kushonea, ya bluu, akapiga magoti na kuchora alama kuzunguka kila mguu wa kila stendi. Alama tatu kwa kila stendi, kumi na mbili kwa jumla.

"Zikisogea hata kwa unene wa uzi, nitajua," alisema.

Machi 5

Mvua ya kwanza. Paa la banda halivuji.

Machi 8

Kila siku Shemeji huondoka kwenda dukani kwake kabla ya saa moja asubuhi. Mimi huondoka saa moja na nusu. Leo, katikati ya hapo, nilipita bandani kuchukua mwavuli. Stendi mbili za upande wa kushoto haziko kwenye chaki. Alama ziko wazi sakafuni, na miguu ya stendi imesogea kwa upana wa vidole vinne kuelekea ndani, chini ya tumbo la gari. Vilevile tairi mbili zilizokuwa zimeegemezwa ukutani sasa zimelazwa chini ya gari. Nani huficha tairi chini ya gari?

Nikamwambia Dada. Kijiko kilimponyoka.

"Umemwambia shemeji yako?"

"Bado. Nimekwambia wewe kwanza."

"Usimwambie. Mdogo wangu, achana na mambo ya gari. Utachelewa kazini."

"Lakini stendi haziwezi kutembea zenyewe, Dada."

"Nimesema utachelewa."

Dada hajawahi kujali kama nachelewa kazini.

Nilirudi bandani. Nikafuata fomu yangu neno kwa neno: jeki kwenye sakafu ngumu, pampu taratibu mpaka uzito uondoke kwenye stendi, mkono tu uingie, mwili ubaki nje. Nikazirudisha stendi zote mbili, kila mguu kwenye alama yake. Nikashusha, nikalisukuma gari. Halikutikisika. Tairi niliziacha zilipo kwa sababu nilikuwa nimevaa sketi ya kazini.

Machi 9

Zimesogezwa. Nimezirudisha.

Machi 11

Zimesogezwa tena. Vidole vinne vilevile, kuelekea ndani. Nimezirudisha.

Machi 12

Hivyo hivyo. Jioni Shemeji aliingia chini ya gari kwa mgongo, akitanguliza kichwa, akipiga mluzi. Akazipita tairi zilizolazwa bila kuuliza, akamulika alama zake kwa tochi, akaridhika. "Hata uzi!" akaniambia. Hajui kwamba usalama wake naushika mimi, kila asubuhi, kwa mikono hii inayonuka grisi mbele za watu dirishani.

Machi 14

Lazima nieleze kazi yangu, ili usifikiri mimi ni mwoga wa bure. Niko ofisi ya kuandikisha vifo, dirisha la tatu. Watu huja na karatasi za hospitali, nami hujaza kisanduku cha sababu. Leo wakati wa chakula nilifungua majalada ya miaka mitano nyuma, nikatafuta sababu moja tu. Niliipata mara tatu. *Kuangukiwa na gari alipokuwa akilitengeneza nyumbani.* Mmoja alikuwa na umri wa Shemeji. Mwandiko kwenye mbili kati ya hizo ni wangu, na sikumbuki nyuso za waliokuja. Pengine niliwaambia, "Anayefuata."

Mkuu wa ofisi alinikuta. "Unatafuta nani humo?"

"Hakuna, bosi. Nasahihisha namba."

Nimejifunza kudanganya haraka sana mwezi huu.

Machi 16, Jumamosi

Mvua tangu alfajiri. Spana alikuwa ukutani kwake, ameegemea, anatazama ua wetu kama mtu anayesubiri kitu kiive.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Karani. Shemeji yako anaendeleaje huko chini?"

"Vizuri."

"Anaingia kila jioni?"

"Kwa nini unauliza?"

Akanitazama. "Nauliza kwa sababu ni jirani yangu. Mwambie kazi ya giaboksi inataka kuvuta kwa nguvu. Asivute kwa nguvu kabla hajanipa ruhusa ya kuja kutazama." Kisha akacheka kidogo. "Basi, usimwambie. Ukisema umetoka kwangu, atavuta mara mbili."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikaulizwa siku moja. Nimeyasoma mara sita. Kwa nini anataka kujua ni jioni gani Shemeji atavuta kwa nguvu? Na huyu Spana aliwahi kuomba auziwe gari hili. Aliomba mara mbili, baba angali hai na baada ya kufa.

Shemeji sikumwambia kitu.

Machi 19

Niliamka saa kumi na moja alfajiri kwa makusudi, nikasimama dirishani jikoni bila kuwasha taa. Nilisubiri hadi kukaanza kupambazuka. Spana alikuwa bandani, amelala kwa tumbo kando ya gari, anagonga chuma kwa kitu kidogo na kutega sikio kama daktari. Kisha nikaona jeki ikipanda.

Nilitaka kupiga kelele. Na hapo nikaona la pili. Alipomaliza, mtu alimfungulia geti dogo, akalifunga nyuma yake polepole, akishika komeo ili lisilie. Alikuwa Dada, amejifunga khanga kichwani.

Machi 20

Dada aliimba akiosha vyombo.

Machi 21

Zimesogezwa. Nimezirudisha. Jeki ilinibana ngozi ya kidole gumba.

Jioni mezani nilimtazama Dada akimpakulia mumewe. Alimchagulia kipande kikubwa. Nikawaza: hivi ndivyo wanavyofanya? Wanalisha kwanza? Kisha nikajionea haya. Huyu ndiye aliyenilea mama alipoondoka, aliyenisuka kila Jumapili kwa miaka minane. Halafu nikakumbuka jinsi alivyoshika komeo.

"Mbona unanitolea macho?" akaniuliza.

"Nimechoka."

"Karani wa wafu," Shemeji akasema, mdomo umejaa, "akikutazama hivyo anajaza fomu yako!"

Wakacheka wote wawili. Mimi niliinuka nikaenda kunawa.

Machi 22

Zimesogezwa. Nimezirudisha.

Machi 23, Jumamosi

Nitaanza mwanzo.

Asubuhi stendi zilikuwa zimesogezwa. Nilizirudisha mapema, kabla Shemeji hajanywa chai, kwa sababu leo dukani haendi na nilijua ataingia chini mchana. Nilikuwa makini kuliko siku zote. Niliweka kila mguu ndani ya chaki kama ninavyoweka muhuri ndani ya kisanduku. Nikalisukuma gari. Halikutikisika. Nilijisikia, Mungu anisamehe, kama mtu mwema.

Saa nane mvua ilikuwa inapiga mabati hadi hatusikilizani. Shemeji aliingia chini. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mlangoni mwa banda, nikilinda. Macho yangu yalikuwa kwenye ukuta wa Spana.

"Shemeji," aliniita kutoka chini, "nipe ile spana ndefu. Hii nati imeolewa humu, haitaki talaka."

Nikampa. Akavuta. Akapumzika, akatukana, akavuta tena kwa mikono miwili, na nikaona gari zima likijipinda kidogo, kama mtu anayegeuka kitandani.

Haikuwa kishindo. Ilikuwa sauti ya bati kuchanika, taratibu, kisha stendi ya mbele kushoto ikapenya ndani ya gari kama kidole kwenye papai lililooza, na Bibi Harusi akaja chini upande wote.

Nilisikia Shemeji akitoa pumzi. Sikusikia akiivuta tena.

Nilisimama. Sikufanya kitu. Fomu yangu haikuwa na mstari wa hapo. Ni Spana aliyeruka ukuta, pekupeku, kifua wazi kwenye mvua, akanisukuma hadi nikaanguka kwenye ndoo. "Jeki iko wapi? Jeki, mtoto, jeki!" Nikaonyesha. Akailaza, akapampu, akiongea chini ya gari wakati wote kwa sauti ya upole nisiyowahi kuisikia kwake: "Jirani. Jirani, nipo. Usijivute. Niambie matusi yoyote, nikusikie tu."

Na Shemeji, kutoka huko, akasema, "Kola... iko sawa."

Ubavu wa gari ulikuwa umetua juu ya tairi zile mbili zilizolazwa chini. Ilikuwa imebaki nafasi ya kifua cha mtu, basi. Mkono wake wa kulia ndio haukuwa na nafasi. Ulikuwa kati ya ringi na chuma.

Dada alitoka jikoni akakimbia na taulo. Hakulia. Alimtazama Spana, Spana akamtazama, wote wawili wakatazama chini.

Machi 25

Hospitali. Mkono umefungwa hadi kiwiko. Daktari anasema mifupa minne, vidole vitabaki, lakini vitatu huenda visikunjike. Shemeji aliuliza swali moja: "Nitashika sindano?" Daktari akasema tusubiri. Akageukia ukuta.

Akasema, bila kutugeukia: "Ni stendi zake. Alinipa stendi mbovu kwa makusudi. Tangu lini alilitaka gari lile?"

Dada akaketi, anakunja taulo. Nami nikasema, kwa sauti ya dirisha la tatu, "Nilimwona bandani alfajiri. Anasogeza vitu."

Nimelisema. Nilidhani nitapata nafuu.

Machi 26

Habari imefika hadi gereji anakofanya kazi Spana. Mteja mmoja amekwenda kuchukua gari lake likiwa hata halijafungwa boneti.

Machi 28

Dada aliniita chumbani, akafunga mlango.

"Kwa nini ulisema ulimwona?"

"Kwa sababu nilimwona. Na wewe nilikuona, ukimfungulia geti."

Alikaa kitandani. Kisha akaanza kucheka, cheko baya. "Kwa hiyo ulikuwa unafikiri mimi na Spana... Mungu wangu. Na huyo Spana na soksi zake zilizotoboka!" Akalia hapohapo kabla cheko halijaisha.

Spana hakuja mwenyewe, akasema. Nilimwomba mimi. Siku ile ya ugomvi, wewe ulipokwenda maji, Spana alimwambia shemeji yako kwamba pale chini ya milango chuma kimeliwa na kutu, kitabu kilichorwa gari likiwa jipya, stendi zisogee ndani, pale springi zinapofungwa. Shemeji yako akasema hafundishwi nyumbani kwake. Unamjua. Angesikia nimekwenda kinyume chake, asingekula kwa wiki. Kwa hiyo nikamwomba Spana apite kila alfajiri, asogeze taratibu, alaze tairi chini kwa tahadhari, aende zake. "Na kila alfajiri," Dada akasema, "ananiambia, huyu mume wako ana kichwa kigumu, amezirudisha tena. Nami namwambia, sogeza tena, fundi, nakuomba."

Nikaificha mikono yangu mgongoni.

"Sasa siku ile sijui alikosea wapi," Dada akaendelea. "Labda hakuzisogeza vizuri. Labda ni giza. Lakini siwezi kumwambia shemeji yako kwamba nilimwingiza mwanamume uani kisirisiri. Si sasa, mkono ukiwa hivyo. Unanielewa, mdogo wangu? Kaa kimya tu."

Nikasema, "Nakuelewa."

Machi 30, Jumamosi

Mvua imepumzika. Niliingia bandani na spana ndogo. Fundi Spana alilinyanyua gari tena siku ile ile ya ajali, likakaa juu ya stendi zake, ndani, anapopajua yeye. Nilinyoosha mkono tu, mwili ukabaki nje.

Nikagonga pale ambapo Spana huweka. *Ngo.* Chuma kizima, na juu yake vijialama ving'aavyo vya stendi, vingi, kila alfajiri kimoja.

Nikasogea vidole vinne kuja nje, juu ya alama za bluu. *Pwa.* Kutu ikanimwagikia kwenye kiganja, kama majani ya chai. Tundu la pale stendi ilipopenya lina ukingo mwembamba kuliko karatasi ya ofisini.

Nimehesabu kwenye daftari hili. Nimeandika "nimezirudisha" na maneno ya namna hiyo kwa siku nyingi, na kila siku niliandika kwa fahari.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 3

Gereji imemwachisha Spana kazi. Hawakutaja sababu. Amekishusha kibao chake cha ukutani, kile cha "Ufundi Nyumbani". Amekilaza chini, maandishi yametazama udongo. Hajamtaja Dada kwa mtu yeyote. Ameulizwa na majirani mara ngapi sijui, na kila mara anasema, "Nilikuwa napita tu."

Aprili 4

Shemeji alijaribu kushika mkasi kwa mkono wa kushoto. Dada alimshikia kitambaa. Kikakatika upogo. Akasema, "Yule mtu akipita mbele yangu, sijui nitafanya nini." Nilikuwa nimeketi baina yao. Nilifungua mdomo, nikasema mvua mwaka huu ni nyingi.

Aprili 5

Nilijaribu tena asubuhi. Nilisema habari za mvua.

Aprili 6, Jumamosi

Fundi, kuanzia hapa naandika kwako. Leo jioni nitakuletea jeki yako, na daftari hili litakuwa limefungwa nayo kwa kamba. Sitabisha hodi. Soma yote, hata pale nilipokudhania mabaya, na pale nilipomdhania Dada. Usiruke ya tarehe 23.

Wewe hukukosea. Uliziweka vizuri alfajiri ile pia. Aliyerudisha stendi si jirani yako mwenye kichwa kigumu. Ni mimi, kila siku, kwa sababu palikuwa na alama, nami maisha yangu yote nimefuata alama. Tairi ulizozilaza ndizo zilizombakisha hai, na sikuzitoa kwa sababu tu sikutaka kuchafua sketi.

Peke yangu nimeshindwa kusema. Umeona mwenyewe jinsi ninavyosimama kama nguzo. Kwa hiyo nakueleza namna ya kunipata.

Njoo ofisini Jumatatu saa nne, foleni ikiwa ndefu na mkuu akiwa kwenye chai. Dirisha la kwanza usikaribie, yule wa pale huuliza mno. Njoo la tatu. Usinisalimie kama jirani. Sema umekuja kwa ajili ya cheti, nami nitakuambia fomu zimekwisha, nitachukua mkoba na kutoka mlango wa nyuma, penye mapipa. Nisubiri hapo. Nikichelewa zaidi ya dakika tano, ingia uniite kwa jina langu kamili, la cheti cha kuzaliwa, kwa sauti kubwa. Mbele ya watu sitaweza kukataa.

Tutakwenda kwa miguu. Usinionee huruma njiani, nikionewa huruma nitarudi. Shemeji atakuwa sebuleni, mkono juu ya mto. Atasimama akikuona, mwache asimame, hawezi kukupiga kwa mkono ule. Dada atatoka jikoni. Nikianza kuongea habari za mvua, simama mbele yangu, uniulize wakisikia wote wawili: "Karani, nani alizirudisha stendi?"

Uniulize hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Halafu nyamaza, unisubiri.